Mizani ya Mwisho wa Msimu

Ziko picha za zamani za mashindano ya magari ya Marekani, za miaka ya 1970, ambazo mtazamaji akizipitia kwa haraka hataona ndani yake ila vyuma vya rangi, namba kubwa ndani ya duara jeupe, na mafundi walioinamia injini kama waganga walioinamia mgonjwa; lakini akituliza jicho lake juu ya ubavu wa gari, mahali ambapo desturi ya mchezo ule ilitaka jina la dereva liandikwe, katika baadhi ya picha hizo atasoma P. L. Newman. Herufi mbili na jina la ukoo, basi. Hapana pambo, wala hapana dalili kwamba mchoraji aliambiwa aliandike kwa taadhima kubwa kuliko majina ya wauza bima, madaktari wa meno na wenye gereji waliojipanga katika mstari ule ule. Mwenye jina hilo alikuwa Paul Leonard Newman, mzaliwa wa Ohio wa mwaka 1925, ambaye katika miaka hiyo hiyo uso wake ulikuwa umetandazwa juu ya kuta za majumba ya senema ya dunia, na macho yake ya buluu yalikuwa bidhaa yenye thamani kuliko gari lolote alilopata kulishikia usukani.

Wengi hukimbilia kuliita jambo hilo unyenyekevu, na unyenyekevu ni sifa njema ambayo mimi sina haki ya kumnyima mtu; ila naona hautoshi kueleza. Mtu mashuhuri anapolifupisha jina lake mbele ya watu wanaomtambua pale pale anaposhuka garini, hatafuti kufichika, maana hawezi. Anatafuta mahali ambapo jina halina uzito. Katika kazi iliyompa riziki, jina lilikuwa ndilo jiwe la mizani: lilitangulia mbele ya mchezo, lilikusanya fedha kabla ya kamera kuwashwa, na mwisho wa yote likapelekwa mbele ya wapiga kura ili wao waseme kama alicheza vema au vibaya. Kufikia mwaka 1976 alikuwa amekwisha kupendekezwa mara nne kuwania Oscar ya mwigizaji bora, na mara zote nne akarudi mikono mitupu. Na ilipomjia hatimaye, mwaka 1987, hakwenda ukumbini kuichukua, ikapokewa kwa niaba yake na mwongozaji wa filamu Robert Wise. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, nao walisema kweli, lakini hawakutueleza ni nani mwenye kuvika, wala anakipima chanda kwa kipimo gani. Kura ni kipimo cha nyoyo, na nyoyo zina majira yake: leo zina ghera, kesho zimechoka, kesho kutwa zinaona haya kwa lile zililolitenda jana na kutaka kulilipa. Mtu akiishi miaka mingi chini ya kipimo cha namna hiyo, si ajabu akianza kuitamani saa ya mpima wakati, ambayo haina moyo.

Aliingia katika mchezo huu kwa mlango wa kazi yenyewe. Kwa ajili ya filamu ya Winning, iliyotoka mwaka 1969, alipelekwa katika shule ya udereva ya Bob Bondurant ajifunze kuonekana kama dereva wa mashindano, naye akatoka pale akitaka kuwa dereva wa mashindano, matamanio ambayo ni ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1972, akiwa na umri ambao wanariadha wengi wamekwisha kutundika viatu vyao, alishindana katika uwanja wa Thompson, jimboni Connecticut. Alipata kusema kwamba katika michezo yote aliyoijaribu maishani alikuwa mzito na mwenye kujikwaa, na kwamba kuendesha gari ndiko kulikompa madaha. Neno hilo, likitoka katika kinywa cha mtu ambaye dunia ilimhesabu kuwa mfano wa madaha, lina mafundisho ndani yake: kumbe tunayoyasifu kwa mtu yaweza kuwa siyo ayajuayo yeye nafsini mwake, na sifa yetu ikamwingilia sikio moja na kutokea la pili kwa kuwa haikukuta mahali pa kukaa.

Chama kilichompa mizani aliyoitaka ni Sports Car Club of America, kilichoasisiwa mjini Boston mwaka 1944, nacho ni chama cha michezo ya ridhaa, maana yake mtu hushindana kwa mapenzi yake na kwa mfuko wake. Tangu mwaka 1964 chama hicho kimekuwa kikiwakusanya mahali pamoja, mwisho wa msimu, madereva waliojipatia alama nyingi katika majimbo yao. Kwanza Riverside ya California na Daytona ya Florida kwa kupokezana, kisha, tangu 1970 hata 1993, katika uwanja wa Road Atlanta, karibu na mji mdogo wa Braselton katika jimbo la Georgia. Wenyewe huyaita mashindano hayo Runoffs. Mshindi hupata nishani na jina la bingwa wa taifa, na akirejea kwake hukuta ankara ya matairi ikimngoja. Sisi tuna methali isemayo mkono mtupu haulambwi. Hawa walisafiri na magari yao juu ya trela, wengine kutoka upande wa pili wa bara, kwenda kuulamba mkono mtupu, na mwaka uliofuata wakarudi.

Ndani ya chama hicho kuna kundi la magari ambalo ndilo lililonivuta kuandika, nalo ni kundi la Production, yaani magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko, ambayo karani na mwalimu wangeweza kuyanunua dukani na kuyapeleka sokoni au kanisani. Katika miaka hiyo yalipangwa kwa herufi kuanzia A hata H: juu kabisa walisimama miamba kama Corvette na Cobra, na chini kabisa vigari kama Austin-Healey Sprite, ambavyo mtu mrefu huvivaa badala ya kuvipanda. Herufi hizo hazikutolewa kwa kutazama ukubwa wa injini peke yake, bali kwa kutazama jinsi gari lilivyo hodari uwanjani, hata gari lililoonekana kuwazidi wenzake mno liliweza kuhamishwa, au kubebeshwa uzito, au kunyimwa ruhusa fulani. Na juu ya herufi moja ya alfabeti watu wazima wenye akili timamu waligombana kwa barua ndefu mwaka mzima. Sharti kubwa lilikuwa kwamba asili ya gari isipotee. Bampa zingeweza kung'olewa, kioo cha mbele kikaondolewa, madigadi yakapanuliwa ili kupokea matairi mapana, kamshafti ikachongwa upya, na vyuma vya kumlinda dereva gari likipinduka vikafungwa nyuma ya kichwa chake. Lakini bloku ya injini ilibaki ile ile ya kiwandani, na umbo likabaki kama lile ambalo jirani yako ameliegesha nyumbani kwake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo tunavyosema. Hapa kilichokwisha kujiuza kilitakiwa kutoka tena hadharani, kikaulizwa kama sifa za dukani zilikuwa za kweli.

Kwetu Afrika Mashariki fikira hii si ngeni. Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka yake ya mwanzo magari yaligawanywa kwa bei yake ya dukani, jambo ambalo naliona kuwa la kweli kuliko mizani nyingi za wahandisi, kwa kuwa mnunuzi hununua kwa shilingi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na kufika 7. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo ya umbo la mviringo, aina ambayo mtu angeweza kuiona mjini Nairobi ikipeleka watoto shule. Ila swali la Safari na swali la Georgia ni mawili. Safari iliuliza: je, utafika? Udongo mwekundu wa Thika na matope ya mlima yalikuwa hakimu wa kutosha, na gari lililofika limejieleza lenyewe kwa mikwaruzo yake. Georgia nayo ina udongo mwekundu, mwekundu kama wetu, unaowapaka wageni viatuni; lakini barabara yenyewe ni lami laini, umbali ni wa nusu saa tu, na hakuna anayestaajabu gari kufika. Swali lililobaki ni gumu zaidi kujibiwa: umefika kwa nini, na kwa njia gani?

Fikira yangu huzunguka sana juu ya huko kuuweka mwaka mzima chini ya nusu saa. Kabla ya kuwako kwa mkutano wa mwisho wa msimu, bingwa alijulikana kwa kujumlisha alama alizozichuma tangu mwanzo hata mwisho, na mpenda insafu akisema kwamba utaratibu ule ulikuwa na haki kuliko huu, mimi sitambishia. Maana ndani ya nusu saa springi ya vali yenye bei ya mlo mmoja huweza kukatika, na jasho la miezi mingi likamwagika juu ya nyasi pamoja na mafuta ya injini. Hata hivyo madereva wenyewe waliupokea utaratibu mkali kwa furaha. Sababu, kwa dhana yangu, ni kwamba jumla ya alama ni habari ya karatasini ambayo hakuna mtu aliyeiona ikitokea. Bingwa wake hupatikana siku ya kawaida, pengine akiwa amelala, kwa kuwa mwenzake katika jimbo la mbali ameshindwa kuwasha gari. Nahodha wa majahazi ya Ghuba yaliyokuja pwani yetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi alikuwa na hisabu nyingi njiani, za nauli ya huku na mkopo wa kule, tende zilizouzwa na boriti zilizonunuliwa. Lakini hapana baharia aliyelala kwa moyo mtulivu mpaka jahazi lilipotia nanga kwao, daftari likafunguliwa, mafungu yakagawanywa mbele ya macho ya wote, na kila mmoja akajua kama mwaka ule amekuwa mwenye mali au mwenye deni. Msimu usiofungiwa daftari haukwisha. Umeacha tu kuendelea.

Basi mtazame dereva wa ridhaa katika juma hilo la mwisho, wakati majani ya miti ya Georgia yamegeuka rangi na asubuhi ina baridi ya kumfanya mtu ashike kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Amewasili na gari lake, na rafiki wawili watatu ambao malipo yao ni chakula na usingizi haba. Gari hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kuingia uwanjani. Kisha hufuata siku za kuwania nafasi za kuondokea, ambamo sekunde moja hukatwa vipande kumi, na kipande kimoja kikawa ndiyo tofauti baina ya kuondoka safu ya mbele na kuondoka katikati ya vumbi la wengine. Usiku taa huwaka juu ya injini zilizofunguliwa, spana hulia juu ya sakafu, na aliyekuwa mpinzani mchana huja kuazima gasketi, akapewa, kwa kuwa katika mchezo wa ridhaa ni aibu kumshinda mtu aliyekosa gasketi. Usione vyaelea, vimeundwa. Na aliyeviunda aghalabu ni mtu ambaye jina lake halikuandikwa ubavuni.

Kuna jambo moja la mwisho wa msimu ambalo mtazamaji wa jukwaani halioni, nalo ndilo linaloubadilisha moyo wa dereva kuliko umati na bendera. Mwaka mzima ameendesha kwa jicho la akiba: ameipa injini mapumziko ya mizunguko mia kadhaa kwa dakika, amekataa kuingia katika upenyo uliokuwa na shaka, amepokea nafasi ya tatu kwa kuwa nafasi ya tatu ina alama na gari lililovunjika halina. Daima ilikuwako Jumapili nyingine ya kuiwekea. Sasa haiko. Injini ikifa jioni hii imekufa kwa wakati wake, maana wakati wa baridi itafunguliwa kwa vyovyote. Breki zikiisha baada ya mstari wa mwisho hakuna aliyezidai zibaki. Mtu aliyezoea kutumia kwa kipimo huambiwa ghafla kwamba hazina yote ni ya leo, na sina hakika kama ni wengi miongoni mwetu tungejua la kufanya na uhuru wa namna hiyo. Wengine hulevywa nao, wakaharibu katika kona ya kwanza walichokihifadhi tangu machipuko. Wengine huushindwa kabisa: mkono wa bakhili hauwi mkarimu kwa kuamriwa, nao humaliza wakiwa na matairi mazuri na huzuni. Wanaofaulu ni wale wachache ambao akiba yao haikuwa woga tangu mwanzo.

Na haraka, je? Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka hawakualikwa Braselton, lakini nadhani wangelikuta neno lao likiheshimiwa kule kuliko katika barabara zetu. Mzunguko wa Road Atlanta una urefu wa kilomita nne hivi, nao umelazwa juu ya vilima kama ukanda uliotupwa kitandani: gari hupanda kulia baada ya mstari wa kuanzia, huvuka kichuguu ambacho nyuma yake hakuna kinachoonekana, hushuka kwa kona za mfululizo za kulia na kushoto, kisha huzungushwa polepole na kutolewa katika njia ndefu iliyonyooka. Hapo gia ya nne huingia na kubaki. Katika siku hizo njia hiyo haikuwa na kona ya kuipunguza kasi. Ilishuka mpaka bondeni, ikapanda ghafla kupita chini ya daraja, na juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo dereva haoni ila mbingu, ilimtaka aanze kugeuza usukani kuelekea kona ya mwisho iliyoko upande wa pili, bondeni, asiyoiona bado. Aliyeingia pale kwa pupa hutoka ameyumba, na kuyumba pale ni kupoteza mwendo wa mstari mzima ulioko mbele. Aliyesubiri kidogo, akapunguza mapema na kukanyaga mafuta mapema, humpita mwenye pupa bila kelele. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: baada ya vilima vyote hurudi pale pale, chini ya macho ya mpima wakati, na hesabu huanza tena.

Njiani kote husimama watu waliovaa nguo nyeupe, wote wa kujitolea, wenye bendera mikononi. Ya njano husema hatari. Ya njano yenye mistari myekundu husema barabara inateleza. Nyeusi humwita mtu atoke mchezoni aje kujieleza. Ni lugha nzima ya rangi, nayo hupitishwa kwa mtu anayekimbia, ambaye ana nusu ya nukta ya kuisoma. Sasa Newman, wakati wa vita kuu ya pili, alitaka kuwa rubani wa jeshi la majini la nchi yake, akakataliwa kwa sababu macho yake hayakuzipambanua rangi sawasawa, akapelekwa kuwa mtu wa redio na bunduki katika ndege zilizorushwa na wengine. Macho yale yale ambayo wanawake na wanaume wa nchi nyingi walilipa nauli na kiingilio ili wayatazame! Mungu ana ucheshi katika ugawaji wake. Sisemi kwamba ila hiyo ilimpa tabu uwanjani au haikumpa; nasema tu kwamba uzuri wa jicho kwa mtazamaji, na manufaa yake kwa mwenyewe, ni hisabu mbili zilizoandikwa katika madaftari mawili.

Bendera ya miraba ikishapepea, umati hudhani jambo limekwisha, ukaanza kutafuta funguo za magari yake. Halijaisha. Mshindi huzunguka uwanja akiwapungia mkono watu wa bendera, hupewa neno la pongezi, kisha yeye na waliomfuata huelekezwa katika uwanja uliofungwa, ambamo magari huwekwa chini ya ulinzi na hairuhusiwi mkono wa fundi kuyagusa bila idhini. Huko gari hupandishwa mizani. Huko ndiko vifuniko vya injini vinakoondolewa, ukubwa wa silinda ukapimwa, vali zikalinganishwa na kitabu, kamshafti ikazungushwa kidogo kidogo chini ya kipimo ili ijulikane huinua kiasi gani. Na wakati wakaguzi wakifanya hayo, matokeo yaliyotangazwa kwa kipaza sauti hayana nguvu bado. Mpinzani mwenye shaka anaweza kushitaki, lakini sharti aweke amana ya fedha. Gari likionekana halali, amana hiyo humlipa mwenye gari gharama ya kufunguliwa na kufungwa tena. Kadhi wa Lamu asingeona ugeni katika kanuni hiyo, maana kwake pia mdai ndiye mwenye kuleta bayana, na ulimi usio na rehani humponza jirani bure.

Saa hizo, kwa maoni yangu, ndizo kiini cha mwisho wa msimu, nami nashangaa kwamba waandishi wa michezo huziruka kwa mstari mmoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa kuna matumbo ya namna mbili. Liko la mdanganyifu, aliyekata chuma mahali pasipopasa, naye hujifunza jioni hiyo kwa nini tunasema njia ya mwongo ni fupi. Lakini liko pia la mtu safi, na hili ndilo lenye maajabu: anajua hakudanganya, na hata hivyo hana raha, kwa kuwa injini ina vipande vingi kuliko dhamiri, na huenda kimoja kilichonunuliwa kwa nia njema kimetoka dukani kikiwa kinene au chembamba kwa unywele mmoja. Ikhlasi yake haimwokoi. Kipimo hakiulizi nia. Mtu wa dini atasema kwamba hapo ndipo hisabu ya wanadamu inapopungukiwa na ile nyingine, ambayo amali hupimwa pamoja na nia zake, naye atakuwa amesema kweli. Na bado nafahamu kwa nini mtu aliyechoka kuhukumiwa kwa mapenzi na machukio angelala usingizi mwema baada ya kuhukumiwa na chuma. Mpenzi wa senema akikusifu, hujui amesifu nini: uso, au kumbukumbu zake mwenyewe za ujana. Mkaguzi mwenye mikono ya grisi akifunga kitabu na kusema gari ni halali, amesema neno dogo, lakini neno hilo halina mahali pa kuvuja.

Mwaka 1976, katika herufi ya D, Newman alishinda Runoffs kwa Triumph TR6, na huo ukawa ubingwa wake wa kwanza wa taifa. Alikuwa na umri wa miaka 51. Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, kazi ya kiwanda cha Triumph mjini Coventry, lenye silinda sita katika mstari mmoja na ujazo wa lita mbili na nusu, gari pana la kiume lenye sauti nzito, ambalo liliundwa kwa maelfu na sehemu yake kubwa ikavuka bahari kwenda Marekani. Jambo linalonipendeza ni kwamba mwezi Julai wa mwaka ule ule kiwanda kilikuwa kimekwisha kuunda la mwisho. Mrithi wake, TR7, alikuwa amechongwa umbo la kabari na kutangazwa kwa mbwembwe. Kwa hiyo gari la soko lililoshinda Georgia katika vuli ile lilikuwa tayari limeachwa na soko. Wauzaji walikuwa wakimaliza yaliyosalia na midomo yao imegeukia jipya. Sijui kama dereva alilitafakari hilo. Mwigizaji aliyepita miaka hamsini, katika kazi inayonunua nyuso kwa ubichi wake, asingehitaji kuelezwa.

Ubingwa wa pili ulimjia mwaka 1979, safari hii katika herufi ya C, kwa Datsun 280ZX. Mwezi Juni wa mwaka huo huo alikuwa amekwenda Ufaransa katika saa 24 za Le Mans, akashirikiana na Rolf Stommelen na Dick Barbour katika Porsche 935, wakamaliza wa pili kati ya wote, mbele ya umati mkubwa ambao Braselton haikuuzoea. Jina lake halikufupishika tena, maana magazeti ya dunia yaliliandika kwa urefu wake wote. Mtu mwingine angelifanya hilo kuwa kilele cha uzee wake, na kuyahesabu magari ya wauza bima kuwa ngazi aliyokwisha kuipanda. Yeye vuli ilipofika alirudi Georgia kwa ajili ya nusu saa isiyo na fedha, akapanga foleni ya mizani pamoja na wengine. Ni siku ipi kati ya hizo mbili aliyoitunza zaidi moyoni, mimi sithubutu kumjibia. Ila Le Mans hakushindana tena, na Road Atlanta alikuwako tena mwaka 1985 na 1986, akiwa amepita miaka sitini, akashinda mara zote mbili, katika magari ya kundi jingine ambayo kwa soko yalibakiza sura tu, na ambayo, nakiri, mimi siyapendi kama lile la Coventry.